Afrika inapasuka? Tuongee kwa vipimo, tuachane na video za nyufa (uzi)

Mpima_Kanda

Wakuu salaam.

Kila masika ikianza, ile video ya ufa wa Mai Mahiu, Kenya, inarudi kwenye magrupu, na safari hii imepambwa na sauti ya mtangazaji anayesema Afrika Mashariki itakuwa kisiwa "hivi karibuni". Kwa kuwa kazi yangu ni upimaji nimeulizwa na wengi. Badala ya kumjibu mmoja mmoja nashusha uzi hapa, mwenye swali aulize, mwenye nondo aongeze.

Ufa ule ulitokea Machi 2018, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, upande wa mlima Suswa. Mvua ilikuwa imepiga kwelikweli. Udongo wa pale ni majivu ya volkano, mepesi, na chini yake kuna mipasuko ya zamani iliyojazwa na majivu hayohayo. Maji yakipata njia yanayakomba taratibu, juu panabaki ganda tupu. Ganda likidondoka, watu wanaamka na kukuta ardhi imefunguka. Mipasuko ya chini ina uhusiano na Bonde la Ufa, hilo sibishi, ila upana ule wa kwenye video ni kazi ya maji.

Je, Afrika haipasuki basi? Inapasuka. Bamba la Somalia, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia kilichobeba Mombasa, Dar na Mogadishu, linaachana na bamba la Nubia lililobeba sehemu kubwa ya bara. Kasi yake Ethiopia ni kama milimita 6 kwa mwaka, Kenya na kaskazini mwa Tanzania ni milimita 2 hadi 4 hivi, na ukizidi kwenda kusini inapungua. Kwa milimita 3 kwa mwaka, kutanuka mita moja tu ni zaidi ya miaka 300. Kwa hiyo anayekwambia ufa wa mita kadhaa umefunguliwa na mabamba usiku wa kuamkia jana, mwulize miaka mingine yote ilikuwa wapi.

Namba hizo hazijatoka hewani. Zimetoka kwenye vituo vya GPS vilivyokaa palepale miaka mingi: MBAR pale Mbarara, MAL2 Malindi, RCMN Nairobi, NURK Kigali, na vingine vingi. Mwaka 2014 Elifuraha Saria wa Chuo Kikuu Ardhi na wenzake, akina Eric Calais na Sarah Stamps, walitoa hesabu ya ukanda mzima. Humo wameonyesha pia kwamba katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, wa mashariki na wa magharibi, kuna kibamba kidogo, kinaitwa Victoria, kinachojizungusha kinyume na mshale wa saa. Watu wa Mwanza, mko juu yake.

Naendelea jioni.

Kijiwe_Kigogo

Nimeshaweka kambi. Ila mkuu, GPS ya simu yangu inaniweka nyumba ya jirani. Hiyo ya kupima milimita 3 ni ipi? Isije ikawa chai.

Mpima_Kanda

Swali zuri. Setilaiti ni zilezile, kinachotofautiana ni unachosikiliza kutoka kwake.

Simu inasoma ule msimbo unaobebwa na wimbi, ndiyo maana inakosea mita 3, 5, na zaidi ukiwa katikati ya maghorofa. Kituo cha kisayansi kinapima wimbi lenyewe. Wimbi la L1 lina urefu wa sentimita 19 hivi, na mashine nzuri inaweza kusema uko sehemu gani ya wimbi kwa usahihi wa asilimia moja. Hapo tayari uko kwenye milimita 2. Kazi inayobaki ni kuondoa uchafu: mvuke wa maji angani, mwangwi wa mawimbi yanayogonga paa la bati, makosa ya njia za setilaiti, na ayonosfia, lile tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme. Hii ya mwisho huku kwetu karibu na ikweta ni mateso, hasa jua likishazama, mawimbi yanayumba mpaka kipokezi kinapoteza setilaiti.

Antena nayo haiwekwi ovyo. Inafungwa kwenye nguzo ya zege au vyuma vilivyozamishwa hadi mwambani. Ukiiweka juu ya udongo mweusi wa mbuga utakuwa unapima udongo ukivimba masika na kusinyaa kiangazi.

Na lazima uwe na subira. Nafasi ya siku moja inacheza milimita 2 au 3 kwa mlalo, kwa wima inacheza zaidi ya hapo. Halafu kuna mawimbi ya misimu: mvua zikinyesha, uzito wa maji unaikandamiza ardhi inashuka, kiangazi inapanda tena. Ukipima miezi 6 tu unaweza kutangaza kwamba Tanzania inazama. Kwa kawaida kasi haiaminiki mpaka upate angalau miaka miwili na nusu ya data mfululizo.

Sola_Imeibiwa

Kwenye "mfululizo" hapo ndipo penye kilio. Mimi nimehudumia vituo vya aina hiyo maporini. Sayansi ni rahisi, kazi ni betri. Kwanza wanachukua sola. Ukirudisha sola wanachukua betri. Ukijenga kizimba cha chuma, mbuzi wanakuja kukwea juu yake. Kituo kimoja kilipona baada ya mzee wa boma la jirani kuruhusiwa kuchajia simu pale. Alikilinda kuliko mlinzi wa kulipwa.

binti_Longido

😂😂 Mzee ana akili huyo.

Mpima, umesema milimita 3 kwa mwaka. Mbona 2007 huku kwetu ardhi ilitikisika wiki nzima, na baadaye mlima Lengai akalipuka? Hiyo milimita ilikuwa wapi?

Mpima_Kanda

Dada umegusa moyo wa jambo, na nilikuwa nakuja hukohuko.

Mabamba yanavutana kila siku polepole, lakini ukoko wa juu hauachii kila siku. Unavumilia. Mvuto unajikusanya mamia ya miaka, kisha unaachia kwa mkupuo. Mkupuo huo tuliupata Julai 2007, kati ya Ziwa Natron na mlima Gelai. Matetemeko yalianza katikati ya mwezi, kubwa lao la ukubwa wa 5.9 likaja tarehe 17, hadi Nairobi watu wakakimbia maofisini. Septemba 4 Oldoinyo Lengai akalipuka na kurusha majivu.

Bahati nzuri juu kulikuwa na rada. Setilaiti ya Ulaya, Envisat, ilikuwa ikipiga picha za rada za eneo lile kila inapopita. Ukichukua picha ya kabla na ya baada ukazilinganisha wimbi kwa wimbi, unapata michirizi ya rangi inayozunguka mahali ardhi iliposogea. Njia hii inaitwa InSAR. Kwa Envisat kila mchirizi mmoja ni sentimita 2.8 za kusogea kuelekea au kutoka kwenye setilaiti. Unahesabu michirizi tu. Gelai ilikuwa imejaa.

Walipopiga hesabu wakakuta mambo mawili. Kwanza ufa mmoja mkubwa wa chini uliteleza polepole kwa siku kadhaa bila kishindo kikubwa. Kisha magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikapanda na kujipenyeza wima kwenye mwamba kama ukuta mwembamba, urefu wa kilomita kadhaa, ikitanua ardhi karibu mita 2 huko chini. Na haikutokeza juu. Piga hesabu: mita 2 kwa milimita 3 kwa mwaka ni zaidi ya miaka 600, zimelipwa ndani ya miezi miwili.

Ethiopia walipata kubwa zaidi, Afar, Septemba 2005. Ukuta wa magma wa kilomita 60, ardhi ikatanuka hadi mita 8 kwa wiki chache.

Kwa hiyo wanaosema "ni milimita tu, tulieni" nao wamesema nusu. Wastani ni milimita. Siku ya malipo ni mita.

Mdau_Goma

Bandugu, miye niko Goma na hii ya magma kutotokeza juu tunaijua vizuri. Nyiragongo ililipuka jioni ya 22 Mei 2021, lava ikafika karibu na uwanja wa ndege ikasimama. Tukafikiri imekwisha. Kumbe matetemeko ndiyo yalianza, siku baada ya siku, na nyufa zikafunguka katikati ya mji, moshi unatoka. Tarehe 27 serikali ikaamuru tuhame, watu laki kadhaa wakatoka, wengine Sake, wengine wakavuka Rwanda.

Baadaye wataalamu wakaeleza kwamba GPS na rada zilionyesha magma ilikuwa imepita chini ya mji mpaka chini ya Ziwa Kivu. Kwa hiyo nyufa zetu hazikuwa za mvua.

Mpima_Kanda

Ndugu wa Goma, pole kwa yaliyowapata, na asante. Mnaona tofauti sasa. Ufa wa Mai Mahiu: hakuna mtikisiko wa maana ulionaswa. Nyufa za Goma: kila kipimo cha eneo lile kilikuwa kinapiga kelele. Kwa macho, nyufa zote mbili zinafanana.

Cha kuogofya kuhusu 2021 ni kwamba mlipuko wenyewe haukutanguliwa na dalili zilizoeleweka. Vyombo vilikuwepo, na mlima ukafunguka bila kuaga.

Fizikia_Kidato_cha_6

Kaka, nimesoma kwamba wanapima pia mvutano wa dunia kwa ajili ya volkano. Si darasani tumeambiwa g ni 9.8 kila mahali? Inabadilikaje?

Mpima_Kanda

9.8 ni ya mtihani, mdogo wangu. Kwenye ikweta ni 9.78, kwenye ncha za dunia ni 9.83, kwa sababu dunia inazunguka na ina tumbo: ukiwa ikweta uko mbali na kitovu kwa kilomita 21 zaidi ya aliye nchani. Mfaransa Jean Richer aligundua hili mwaka 1672 alipopeleka saa ya pendulumu Cayenne, ikawa inachelewa dakika mbili na nusu kwa siku.

Sisi wapimaji wa siku hizi tunafukuzia tarakimu za mbali zaidi. Kipimo chetu ni gali, kutokana na Galileo: sentimita moja kwa sekunde kwa sekunde. Mikrogali ni sehemu moja ya milioni ya hiyo, yaani kama sehemu moja ya bilioni ya uzito wako. Ukipanda juu sentimita moja tu, mvutano unapungua mikrogali 3. Mtu mzima akisimama mita moja kutoka kwenye mashine, mwili wake peke yake unavuta karibu nusu mikrogali.

Kwetu kazi hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1899 na 1900 Ernst Kohlschütter alizunguka Afrika Mashariki ya Mjerumani na pendulumu zake. Mwaka 1933 na 1934 akaja Mwingereza Edward Bullard, akapima Kenya, Uganda na Tanganyika. Aliona kwamba mvutano ndani ya Bonde la Ufa umepungua kuliko inavyotarajiwa. Akahitimisha kwamba bonde limebanwa kutoka pande zote mbili na kushindiliwa chini. Vipimo vyake vilikuwa sahihi, tafsiri ndiyo iliyokwenda kombo: bonde linatanuka, na pengo la mvutano linatokana na mwamba wa moto, mwepesi, ulio chini, pamoja na mashapo laini yaliyojaza bonde. Nampenda sana Bullard kwa hilo. Namba zake zinatumika mpaka leo na wanaompinga.

Mvuke_254

Nichangie hapo kwa gravimita, mashine ya kupima mvutano, nimeibeba miaka mingi kwenye mashamba ya mvuke wa ardhini ya Olkaria, Kenya.

Ile ya LaCoste & Romberg ni kiboksi cha kubeba mkononi. Ndani kuna boriti ndogo imening'inizwa na springi ya aina yake, aliyoibuni Lucien LaCoste akiwa bado mwanafunzi kule Texas. Unaiweka kwenye sahani yake juu ya alama, unanyoosha vipovu viwili vya maji mpaka vikae katikati, ndipo unaifungua boriti. Unachungulia kwenye lenzi, unaona mstari mwembamba unaogelea. Unazungusha kitufe mpaka mstari uguse alama ya kusomea, na siku zote unatokea upande uleule, maana ukitokea upande mwingine skrubu ina uchezaji na namba itakudanganya. Unasoma, unarudia, unafunga boriti, ndipo unainyanyua. Ukiinyanyua kabla ya kufunga, umeumia.

Ndani inapashwa joto la nyuzi 50 hivi muda wote. Betri ikikata njiani, siku imekwisha, mpaka ipate joto tena na kutulia ni saa nyingi. Lori likipita, subiri. Ng'ombe wakipita, subiri. Upepo, weka mwavuli.

Na lazima urudi kituo cha mwanzo kabla ya jioni kwa sababu springi inachoka, namba zinateleza polepole. Halafu unaondoa mvuto wa mwezi na jua. Watu wanajua bahari inakupwa na kujaa, hawajui kwamba nchi kavu nayo inapanda na kushuka, hapa ikweta inafika sentimita 30 na zaidi kwa siku. Hausikii kwa sababu nyumba, mlima na wewe mnapanda pamoja.

Fizikia_Kidato_cha_6

Asante. Sasa faida yake nini kama GPS inaonyesha ardhi imepanda?

Mvuke_254

GPS inakwambia imepanda. Haikwambii nini kimeipandisha.

Chukua Longonot, mlima wa volkano kule Kenya. Rada zilionyesha kati ya 2004 na 2006 mlima ule ulinyanyuka kama sentimita 9, bila tetemeko la maana, watalii wanapanda kama kawaida. Paka, kule Baringo, ilinyanyuka kama sentimita 21 mwaka 2006 hadi 2007. Suswa na Menengai, kabla ya hapo, zilikuwa zimeshuka sentimita chache.

Sasa kwa sentimita 9, mvutano juu ya mlima unapaswa kushuka mikrogali 28 kwa sababu ya urefu peke yake. Ukipima ukakuta 28 kamili, maana yake ardhi imenyanyuka bila kuongezewa uzito wa maana: gesi, mvuke. Ukikuta imeshuka 20 hivi tu, kuna kitu kizito kimeingia chini na kinavuta, na hicho ni magma. Tofauti ya mikrogali 8 ndiyo inayoamua kama utalala usingizi au utaita mkutano.

Olkaria tunaitumia kinyume. Tunatoa mvuke, uzito unapungua, mvutano unashuka. Ukiona mahali panashuka haraka kuliko maji yanavyorudi, unajua pa kurudishia maji.

Adui mkubwa ni maji ya chini ya ardhi. Maji ya kina cha mita moja yaliyosambaa yanavuta mikrogali 42. Kwa hiyo mvua moja nzuri inaweza kufunika habari yote ya magma. Ndiyo sababu tunapima msimu uleule kila mwaka na kusoma visima vya jirani.

Mpima_Kanda

Nondo hizo. Niongeze tu kwamba kuna mashine ambazo hazitumii springi. FG5 inadondosha kioo ndani ya bomba lisilo na hewa, umbali wa sentimita 20 hivi, na leza pamoja na saa ya atomu ya rubidiamu vinapima anguko lake. Inadondosha, inainua, inadondosha tena, siku nzima na usiku, mpaka ipate usahihi wa mikrogali 2 hivi. Na kuna zile zinazoelesha tufe la niobiamu kwa sumaku, limepozwa kwa heliamu karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Afrika nazijua mbili, Sutherland kule Afrika Kusini tangu 2000, na Djougou, Benin, iliyofungwa 2010. Ile ya Benin iliwekwa ili kufuatilia maji ya mvua yanavyoingia na kutoka ardhini.

KandoYaZiwa

Sisi wa Ziwa Viktoria tuliofurikiwa 2020 tunapimwaje?

Mpima_Kanda

Kutoka angani. Setilaiti pacha za GRACE zilirushwa 2002, zikafuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi, kila moja ikipima umbali wa mwenzake kwa usahihi wa mikromita. Ya mbele ikikaribia eneo lenye uzito mkubwa inavutwa, inaongeza mwendo, umbali unabadilika. Zilipochoka 2017 zikafuatiwa na GRACE-FO mwaka 2018. Ziwa lenu lina kilomita za mraba 68,800 hivi, kwa hiyo likipanda mita moja ni kama tani bilioni 69. Kupungua kwa ziwa kati ya 2003 na 2006 kulionekana, na kujaa kwenu kwa 2019 na 2020 pia.

Mchagga_Halisi

Tuachane na ziwa. Kilimanjaro tulisomeshwa ni mita 5,895. Sasa naona 5,892. Mlima unazama au mmetuibia mita 3?

Mpima_Kanda

😂 Mlima upo mkuu. 5,895 ni ya 1952, kwa theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, kutoka mbali. Mwaka 1999 GPS ikatoa 5,892.55, na 2008 ikatoka 5,891.8. Kilichobadilika ni vyombo, pamoja na mahali pa kuanzia kuhesabu.

GPS inapima kutoka kwenye umbo laini la kihesabu la dunia. Wewe unataka urefu kutoka usawa wa bahari, na chini ya Kilimanjaro hakuna bahari. Inabidi ukisie bahari ingekaa wapi kama ingepenya hadi pale, na kinachoamua ni mvutano. Bahari haiko bapa: kusini mwa India imebonyea kama mita 106 chini ya hilo umbo laini, na pwani yetu iko kwenye mteremko wa kuelekea huko. Bila vipimo vya mvutano mlimani na tambarare yake, tarakimu za baada ya nukta ni mapambo.

binti_Longido

Na Lengai siku hizi anaangaliwa na nani?

Mpima_Kanda

Kuna mtandao wa GPS unaoitwa TZVOLCANO umezunguka mlima tangu 2016, ushirikiano wa Virginia Tech ya Marekani na Chuo Kikuu Ardhi. Data yake iko wazi mtandaoni. Mwaka 2022 walinasa ardhi ikinyanyuka haraka kuliko kawaida kwa miezi kadhaa, kisha ikaendelea kupanda kwa mwendo usiobadilika.

Kijiwe_Kigogo

Swali la mwisho la kimaskini. Kama bara linasogea, kiwanja changu kinasogea? Mipaka je? Jirani yangu ni msumbufu.

Mpima_Kanda

Kinasogea, karibu sentimita 3 kwa mwaka kuelekea kaskazini-mashariki, lakini jirani, bikoni, barabara na mti wa mwembe vinakwenda nacho. Umbali kati ya bikoni na bikoni haubadiliki.

Cha kukutia wasiwasi ni kingine. Ramani nyingi za zamani ziko kwenye mfumo wa koodineti uitwao Arc 1960, GPS inatumia mwingine, WGS84. Ukichukua koodineti za Arc 1960 ukaziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, unaangukia mita 300 hivi pembeni, hasa kaskazini-kusini. Nimeona watu wakigombana juu ya kiwanja ambacho si cha hata mmoja wao. Angalia ramani yako pembeni imeandikwaje.

Kijiwe_Kigogo

Imeandikwa "Clarke 1880".

Mpima_Kanda

Hilo ni umbo la dunia linalotumiwa na Arc 1960, kwa hiyo karibu hakika ndiyo hiyo. Usichimbe msingi kwa simu, mwite mpima.